Kupanda miamba na watoto ukiwa unaishi Malindi: mwongozo kamili, kuanzia jirikeni ya maji mpaka Fischer's Tower

Mtoto wangu wa pili alianza kupanda mawe kabla mimi sijajua kuna mchezo kama huo. Tulikua tumeenda kupunga upepo pale kwa nguzo ya Vasco da Gama, nageuka kununua viazi karai, narudi simuoni, kumbe keshashuka chini kwa maji na sasa anapanda kurudi juu kwa kushika matumbawe. Alitoka magoti yamechanika, viganja vinavuja damu, na anacheka. Baba yake akasema basi mkwezi amerudi, manake babu yao alikua anakwea minazi kule Mambrui mpaka uzeeni. Mimi sikucheka siku hiyo. Lakini nlijua mtoto huyu ukimkataza atapanda ukiwa hupo, kwa hivo bora tujifunze sote.

Saa hii tuko watu watano tunapanda, mimi, baba watoto na watoto watatu, safari mbili au tatu kwa mwaka, na kila nikipeleka picha kwa magrupu ya ukoo naulizwa swali moja, nyinyi mnapanda wapi na Malindi hakuna hata kilima? Ni kweli hakuna, na ndo sababu mwongozo huu ni mrefu, manake kwa sisi wa Pwani robo tatu ya kazi inafanyika nyumbani na robo iliyobaki ndo safari.

Kabla ya yote shika hili. Watu wanaangalia aliye juu, wanampiga picha aliye juu, wanampigia vigelegele aliye juu, na roho ya aliye juu iko mkononi kwa aliye chini anayeshika kamba. Aliye juu mngoje chini, wazee walisema kwa maana yao, sisi kwetu ni kazi kamili. Kwetu hapandi mtu mpaka ajue kushika kamba au, kama ni mdogo, ajue kukagua anayeshika. Ukianza na kupanda halafu ufundishe kushika baadae utakua umeanzia juu ya nyumba.

Mbona tusipande hapahapa

Hili nimelijibu mara nyingi kwa hivo nilimalize. Jiwe letu ni matumbawe ya kale. Ni makali kama wembe, yana mashimo ndani, na bahari imeyala kwa chini mpaka ukingo umebaki unaning'inia kama kofia ya uyoga, pita Watamu maji yakitoka utaona vile visiwa vidogo vilivyoliwa kiunoni. Unashika kipande unadhani ni ukuta kumbe ni ganda. Kamba ikisugua pale inakatika nyuzi, na watoto ngozi ya vidole haimalizi dakika kumi.

Alafu kuna chumvi. Mtu atakwambia tupige bolti za kufungia kamba kwa jiwe, za chuma kisichoshika kutu. Hiyo stenlesi inayodumu miaka kule Naivasha tunakoenda kupanda, ukiipiga kwa jiwe la chokaa kando ya bahari ya joto inaweza kupasuka ndani kwa ndani ukiiangalia kwa nje inang'aa tu. Thailand kule Krabi walipata shida hiyohiyo, wakaanza kubadilisha na titanium, na bei ya titanium si ya kuambizana. Na kuna sehemu za ufuo wetu ziko ndani ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu tangu 1968, huwezi tu kwenda na drili.

Sasa Marafa, Nyari, kule kwa korongo jekundu. Watu wengi wananitajia. Nendeni, lakini msipande. Ule ni mchanga na udongo ulioshikana tu, mvua ndo iliyochonga zile nguzo na bado inachonga, unaweza kumega kwa kidole. Sisi tunapeleka watoto jioni jua likiwa linashuka kwa sababu ni darasa zuri la jiwe bovu. Mwambie mtoto agonge kwa kifundo cha mkono (ukuta wa chini pale pale njiani, asiharibu kitu), asikie vile inatoa sauti pofu kama mtungi uliopasuka, kisha mkifika kwa jiwe zima siku ya siku atasikia tofauti mwenyewe. Yule mkubwa wangu mpaka leo anagonga kila kitu kabla ya kushika, hata meza ya hoteli.

Hatua ya kwanza: fundo la nane

Hapa watu wa Pwani tuko mbele, manake kila nyumba ina mtu wa mashua. Lakini pia ndo tunaponzeka hapo, mvuvi ana mafundo yake mazuri ya nanga na ya tanga na atakwambia hilo lenu la nini. Usibishane nae. Fundo la kujifungia kwa hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani, ni la nane lililofuatishwa, kwa sababu mtu yeyote akitupa jicho anaona kama liko sawa au halipo.

Kunja kamba upate umbo la nane, hatua kama urefu wa mkono mmoja kutoka kwa ncha. Pitisha ncha kwenye hanesi sehemu zote mbili, ile ya miguuni na ile ya kiunoni, zile zinazounganishwa na kile kitanzi kinene cha mbele, sio kwenye kitanzi chenyewe. Alafu ncha irudi ifuate njia ileile ya kamba ya kwanza, kama mtoto anaefuata nyayo kwa mchanga, mpaka utokee pale ulipoanzia. Kaza nyuzi zote nne moja moja. Ncha ibaki ndefu kama shibiri. Ukihesabu utaona mistari mitano ya kamba mbili mbili, ikipungua fungua uanze.

Sisi tulifanya mchezo wa usiku, umeme ukipotea kila mtu anafunga gizani, wa mwisho anaosha vyombo. Ndani ya mwezi mmoja yule wa miaka tisa alikua anatushinda wote.

Hatua ya pili: jirikeni ya lita ishirini

Hii sikuisoma pahali, tuliibuni kwa shida, na nadhani ndo kitu cha maana kuliko vyote humu.

Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivo jirikeni iliyojaa ni kilo ishirini na kitu, ndo mtoto wa miaka sita. Tafuta mwembe wenye tawi nene kama paja, tawi bichi, zungusha slingi (kitanzi cha utepe imara) mara mbili, weka karabina (pete za chuma zenye mlango) mbili za kufuli midomo yake ikielekeana kinyume, pitisha kamba. Ncha moja funga jirikeni kwa mkono wake na fundo la nane, upande mwengine uingie kwa kifaa cha kukamatia kamba kilichoko kwa hanesi yako. Hapo una mwanafunzi ambae akianguka hataumia, isipokua simama mbali na chini yake, na kuku wafungie.

Sasa mkono wa kukamata, yaani ule ulioshika kamba inayotoka nje ya kifaa, huo hauachii kamba. Hauachii kupangusa jasho, hauachii kufukuza mbu, hauachii simu ikilia hata kama ni mama mkwe. Mpangilio ni huu: mkono wa mbele unavuta kamba kuja, mkono wa kukamata unavuta kuinua, papo hapo unashuka chini ya kiuno kukaza, mkono wa mbele unakuja kushika chini ya ule wa kukamata, ule wa kukamata unapanda taratibu ukiteleza mpaka karibu na kifaa bila kuachia, kisha unaanza tena. Vuta, kaza, shika, teleza. Yule mdogo alitunga kawimbo kake kwa hayo maneno manne.

Mkishazoea, mmoja anainua jirikeni kwa mikono kama nusu mita na anaiachia ghafla. Kamba inakuvuta, moyo unaruka, na ukiwa ulikua unapiga soga utaona maji yanamwagika kwa bibi jirani. Rudieni mpaka iwe mwili ndo unashika sio akili. Kisha jifunzeni kushusha taratibu, manake kushusha ndo watu wengi wanaharibu, wanafungulia mbio. Ukitaka kujua uzito wa mtu mzima funga jirikeni tatu kwa pamoja. Mimi nlinyanyuliwa miguu ikatoka chini, majirani wakapata cha kusimulia wiki nzima, lakini bora nijue pale kwa mwembe kuliko kule Naivasha baba watoto akiwa juu.

Na hapo ndo tukapata sheria ya uzito: mtoto hashiki kamba ya mtu mzima peke yake. Akishika, kuna mtu mzima nyuma yake ameshika mkia wa kamba vilevile. Na anayeshika akiwa mwepesi sana kuliko anayepanda afungwe chini kwa kitu kisichotoka.

Hatua ya tatu: ukuta wa mbao uani

Hii si lazima, lakini watoto wakiwa nao hawakusumbui. Shiti moja ya plaiwudi ya milimita 18, ile ya kawaida ya futi nane kwa nne, muambie seremala aitobolee matundu ya bolti za milimita 10 kila sentimita ishirini, nyuma agongee nati zenye meno. Vishikio tulichonga vya mwembe, tukapiga msasa mpaka laini, visiwe na kona kali. Egesha fremu iinamie kwa mbele kidogo tu, na chini mwaga mchanga wa kutosha juu weka godoro kuukuu. Mtoto asipite urefu ambao miguu yake iko juu ya kifua cha mtu mzima, na anayemlinda anyooshe mikono vidole gumba ndani, kazi yake ni kumuelekeza aangukie miguu sio kumdaka kama embe.

Kitu kimoja wazazi hawaambiwi. Vidole vya watoto mifupa bado inakua, mazoezi ya kuning'inia kwa ncha za vidole yale vijana wanaonyesha kwa video sio ya mtoto wala kijana ambae hajamaliza kubalehe. Akilalamika kifundo cha kati cha kidole kinauma, apumzike, na kisipopona muone daktari umuambie anapanda, usimuache akaze roho.

Hatua ya nne: vifaa, na wapi msibane pesa

Mara ya kwanza kodini, msinunue. Mkishaipenda, nunueni kwa mpango huu: viatu hata baadae (raba za soli nyembamba zinatosha mwanzo), hanesi na helmeti kila mtu wake, kamba mwisho.

Hanesi ya mtoto mdogo, kama chini ya miaka sita hivi au yule ambae hana nyonga, iwe ya mwili mzima inayopita mabegani. Wana vichwa vizito na viuno vyembamba, akigeuka miguu juu ile ya kiunoni inamtoka kama suruali kubwa. Helmeti iwe ya kupandia, yenye alama ya viwango vya Ulaya EN 12492 ndani, ya bodaboda ni nzito na inaziba masikio, ya baiskeli haijatengenezwa kwa jiwe linalotoka juu.

Kamba sasa. Wallahi hili nlipigana nalo na shemeji yangu mvuvi. Kamba ya mashua ni nguvu, inavuta mashua na wavu na samaki, lakini haivutiki. Mtu akianguka, kamba inayonyumbuka inapunguza kishindo kidogo kidogo, isiyonyumbuka inampa kishindo chote kwa mgongo na kwa nanga, yaani pale kamba iliposhikiliwa juu. Tafuta iliyoandikwa EN 892, alama ya namba moja ndani ya duara, unene wa milimita 9.8 au 10 hivi, mita 60. Mita 60 maana yake unapanda mita 30 tu, kwa sababu kamba inaenda na inarudi. Ncha ya mwisho siku zote ipigwe fundo, watu wameanguka kwa sababu kamba iliisha wakati wa kushusha ikapita kwa kifaa ikaondoka.

Usinunue kamba, slingi wala hanesi za mtumba. Karabina ya chuma unaweza kuikagua kwa macho, lakini uzi huwezi kujua umewahi kumwagiwa tindikali ya betri au umekaa juani miaka mingapi.

Kifaa cha kukamatia, kuna kile cha bomba na kuna Grigri ya Petzl inayosaidia kukaza yenyewe. Nashauri wa aina ya Grigri kwa mzazi anaeanza, lakini haiondoi kazi ya mkono wa kukamata, na ina kituko chake, kamba nene na mtoto wa kilo kumi na nane, unataka kumshusha hashuki! Anabaki anaelea kama puto. Kamba nyembamba kidogo au kile cha bomba kinasaidia.

Hatua ya tano: nguo, mapambo na marashi

Kina mama hii ni yetu. Hijabu iwe ya kuvaa ya kuvuta, ncha zote ziingie ndani ya nguo, mtandio haufai manake ukimezwa na kifaa cha kamba unavutwa na shingo. Mimi navaa suruali pana na shati refu mpaka magotini lenye mpasuo, hanesi inakaa juu ya shati, nimesitirika na napanda vizuri tu. Nywele za wasichana zisukwe zifungwe ndani.

Pete zote zivuliwe, na ya ndoa vilevile. Pete ikinasa kwa ufa na mwili ukashuka, kidole kinabaki na pete. Mimi yangu naifunga kwa kitambaa ndani ya pochi.

Na manukato, udi, asumini, acheni Malindi. Miamba mingi ina mizinga ya nyuki kwenye nyufa na nyuki hawapendi mtu anaenukia. Ukiona wanapitapita kwa wingi kwa ufa mmoja hameni upande mwengine bila mjadala.

Hatua ya sita: twende wapi na lini

Kwa familia pahali ni pawili. Lukenya, kile kilima karibu na Athi River, kama kilomita 40 kabla ya Nairobi ukitoka huku kwetu, jiwe gumu na njia fupi fupi za kila aina. Mountain Club of Kenya, iliyoanzishwa 1949, ndo wenyeji wa kupanda kule, wana nyumba yao Wilson Airport Nairobi. Wasiliana nao kabla, na uende na mtu anaejua njia.

Pa pili ni Hell's Gate, Naivasha, hifadhi tangu 1984, na ni ndogo, kama kilomita 68 za mraba, unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli. Ukiingia Elsa Gate hupiti mbali unaona Fischer's Tower, jiwe limesimama peke yake kama mnara, lina urefu wa kama mita 25, ni mabaki ya volkano. Limepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliefika hapo 1883. Wanaokaa pale ni pimbi, na watoto wangu walikaa saa nzima wanawaangalia badala ya kupanda, nyayo zao zina unyevu na ni laini kama mpira, wanakimbia ukutani pale mtu mzima analia.

Kiingilio unalipia eCitizen, usiende na keshi ukitegemea getini. Nyati wapo, mkae pamoja. Nyani watawaibia chakula, mkiweka mahamri chini mjue mmetoa sadaka. Korongo la ndani ni kitu chengine kabisa, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba 2012 na yakaua tena 2019, maji yanatoka mvua iliyonyesha mbali na nyinyi mko juani. Mawingu yakijikusanya upande wowote hatuingii.

Msimu: Januari na Februari ni kavu, na Agosti watoto wamefunga shule nako kunafaa. Masika achana nayo. Na kuna hesabu ya jua: kule ni karibu na ikweta, Agosti jua linapita upande wa kaskazini, kwa hivo kuta zinazotazama kusini zina kivuli. Desemba na Januari kinyume chake. Kujua hilo kunamuokoa mtoto mdogo anaelia joto saa tano. Lakini usiku! Naivasha ni karibu mita 1,900 juu ya bahari, watoto wetu wa Malindi walilala na soksi mikononi mara ya kwanza. Sweta mbili kila mmoja.

Njia yetu: alfajiri matatu hadi Mombasa, kilomita 120 hivi, treni ya SGR kutoka Miritini, usiku tunalala kwa ndugu Nairobi, kesho yake asubuhi Naivasha kama kilomita 90. Msipande siku ya kufika. Watoto wamechoka, nyinyi mmegombana kwa njia, si siku ya kushikiana roho.

Hatua ya saba: pale kwa jiwe

Nyinyi msitege nanga wenyewe. Narudia. Mwaka wa kwanza na wa pili mtu mwenye ujuzi ndo anatega kamba juu na nyinyi mnapanda kamba ikiwa imeshatoka juu, kupanda na kamba kutoka chini ni elimu nyengine. Ila lazima ujue kukagua. Nanga iwe na vishikilio viwili visivyotegemeana, kimoja kikitoka cha pili kinabeba. Pembe kati ya slingi mbili iwe finyu, chini ya nyuzi 60, manake zikitanuka mpaka 120 kila bolti inabeba uzito mzima badala ya nusu. Kamba ipite kwa karabina za chuma, isipite moja kwa moja kwa slingi hata mara moja, uzi ukisugua uzi unayeyuka. Na isilale kwa ukingo mkali.

Wapo vijana wanaosubiri wageni na kamba zao. Wengi ni wazuri sana. Mmoja alitushikia mwanangu huku mkono mmoja una simu, nkamwambia taratibu mshushe mtoto, nkamlipa yote, tukaondoka. Usione haya. Angalia kamba yake, ikunje vipande vipande ukipapasa kwa vidole, palipo laini kama utumbo au pameota manyoya sana sema hapana asante.

Kabla mtu hajaacha ardhi, wote wawili wanakaguana kwa mkono sio kwa macho: bizimu za hanesi, fundo, kifaa kimeingia kamba upande sawa, karabina imefungwa kufuli, ncha ya kamba ina fundo. Mimi nlisahau kufuli siku moja. Nimefanya mambo haya miaka, na nlisahau, kwa sababu nlikua namjibu mtoto kuhusu biskuti. Aliegundua ni yule wa miaka tisa, alibinya karabina ikafunguka, akaniangalia tu. Tangu siku hiyo ndo mkaguzi wetu mkuu na hakuna anaemtania.

Maneno tunayotumia ni ya mashua, mafupi na yanasikika hata upepo ukivuma: Napanda. Panda. Kaza. Legeza. Shusha. Na jiwe likitoka kila mtu anapiga kelele "Jiwe!" na hakuna kuangalia juu, unajibanza ukutani.

Mtoto wa mara ya kwanza asipelekwe kileleni. Apande mita mbili, aambiwe kaa. Akalie kamba kama bembea, aachie mikono, acheze. Ashushwe, miguu imepanuka, nyayo bapa ukutani, amelala nyuma. Arudie mara tatu nne. Akishaamini kamba, atapanda mwenyewe. Anaepelekwa juu moja kwa moja anafika katikati anaganda, na hapo "usiogope" yako haisaidii kitu, yangu haikusaidia. Kinachosaidia ni kazi ndogo: sogeza mguu wa kushoto kwa lile jiwe jeupe, haya, mkono sasa, kalia kamba upumue. Na akisema shusha anashushwa hapohapo, hakuna "bado kidogo tu", hakuna kumwita muoga mbele ya binamu zake. Yule wa mwisho wangu alisema shusha safari nzima ya kwanza. Safari ya tatu alitupita wote.

Jasho la Pwani linateleza, poda ya mikono inasaidia, lakini ni magnesiam kaboneti sio chaki ya ubao wa shule. Maji mengi, tende, mkate wa mayai. Tunamaliza saa sita, tunaswali, tunakula, jioni ni baiskeli. Ajali nyingi nlizoziona kwa macho, hata zile ndogo za kuteguka, zilikua za "mara moja ya mwisho".

Hatua ya nane: mkirudi nyumbani

Hapa Malindi vifaa vinaliwa na hewa. Karabina ziosheni kwa maji ya tanki sio ya kisima chenye chumvi, zikaushwe, tone la mafuta kwa bawaba, mafuta yasifike kwa kamba. Kamba na hanesi zikaushwe kivulini kabisa, jua linaua uzi bila kuonekana. Hifadhini kwa mfuko ndani ya chumba kikavu, mbali na betri ya sola na mbali na jiki.

Hanesi na kamba hata zisipotumika watengenezaji wengi wanasema mwisho ni miaka kumi, sisi kwa safari zetu tunabadilisha mapema zaidi, na ikipata mchubuko mpaka uonekane uzi mweupe wa ndani ni siku hiyohiyo. Kamba iliyochoka usimpe mtu bila kuikata, hata akikuapia ni ya kufungia mzigo, kesho utaikuta shingoni mwa mnazi ina mtoto. Kata vipande vya mita tatu tatu. Ya kwetu ya kwanza vipande viwili viko kwa ngalawa ya shemeji, yule aliekua ananibishia, na kimoja kinafunga mbuzi wa jirani ambae, naambiwa, akivuta sasa kamba inanyumbuka na anafika mpaka kwa mchicha wangu.